Usonji: Hata Mtu Mzima Achunguzwe



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya usonji. Wengi wetu tukilisikia neno hili tunamfikiria mtoto mdogo aliyechelewa kusema. Ni kweli usonji huanza utotoni, lakini mtoto hukua. Huwa kijana, huoa au kuolewa, huwa mwalimu, fundi au mkulima, na usonji wake anao bado. Kwa vile zamani wachache tu waliweza kuutambua, wako watu wazima katika jumuiya zetu ambao hawajui jina la hali waliyo nayo. Badala yake wamepewa majina mengine: mwenye kiburi, mkorofi, mwehu, aliyerogwa.

USONJI NI NINI?

Usonji hauambukizi, wala si wazimu. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu mwanzo, hata mtu akaona, akasikia na kuelewa mambo tofauti na wenzake. Urithi katika ukoo una sehemu kubwa. Hauletwi na laana wala chanjo, na haitokani na mama kukosa upendo. Zamani wako wataalamu waliowalaumu akina mama hivyo, lakini fundisho hilo lilikwisha kukataliwa.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza kati yao alikuwa Donald Triplett. Alikua, akafanya kazi benki kwa miaka mingi katika mji wake mdogo wa Forest, Mississippi, ambako watu walimzoea na kumpokea kama alivyo. Alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 89. Basi, usonji ni jambo la wazee pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao.

DALILI KWA MTU MZIMA

1. Mazungumzo humchosha. Hajui aanze lini wala amalize lini, na mafumbo au utani huuchukua kama ulivyosemwa.
2. Hupenda utaratibu ule ule kila siku. Ukibadilishwa ghafla hufadhaika sana.
3. Ana jambo moja au mawili analolijua kwa undani wa ajabu, naye anaweza kulizungumza saa nzima.
4. Kelele, mwanga mkali, harufu au kuguswa humsumbua kupita kiasi. Huyu ndiye anayekaa nje ya kanisa vipaza sauti vikifunguliwa, au anayeogopa wakati wa kupeana mikono ya amani.
5. Hali hizi alikuwa nazo tangu utoto, nazo zimemletea shida nyumbani, shuleni au kazini.

Dalili moja peke yake haitoshi. Tena tuzipime kwa mila zetu. Kijana asiyemtazama mzee usoni huenda anaonyesha heshima tu. Lakini asiyeweza kumtazama hata rafiki wa rika lake, na aliyefundishwa kuamkia mara mia naye bado anapotea katikati ya salamu, huyo tumwangalie kwa makini zaidi.

Wanawake wengi huificha hali hii. Hujifunza kuigiza wenzao, wakacheka wengine wanapocheka, kisha wakarudi nyumbani wamechoka kabisa. Hivyo hugunduliwa kwa kuchelewa.

JINA LITANISAIDIA NINI?

Mtu anaweza kuuliza, "Miaka 40 nimeishi hivi, nikijua leo itanifaa nini?" Tuchukue mfano. Mume hawezi kukaa na wageni, huondoka katikati ya sherehe, naye hukasirika chakula kikichelewa nusu saa. Mke anaona amedharauliwa. Wakwe wanaona wametukanwa. Siku moja mtoto wao anapelekwa hospitali, anaambiwa ana usonji, na baba akisikiliza maelezo ya daktari anajitambua yeye mwenyewe. Watu wazima wengi huanza safari yao hivyo, kwa njia ya mtoto.

Faida ni hizi. Kwanza, lawama hupungua. Mke anajua kwamba mumewe hamdharau, na mume anajua kwamba yeye si mtu mbaya. Pili, familia huacha kutumia mali kwa waganga, na mgonjwa haendelei kupewa dawa za ugonjwa asio nao. Tatu, mambo yanayofuatana na usonji hutibiwa, yaani kifafa, kukosa usingizi, wasiwasi na sonona. Wapo ambao kwa kulaumiwa miaka mingi wamefikia kutamani kufa. Mtu akisema neno kama hilo, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

NJIA YA KUFUATA

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Uchunguzi ni mazungumzo marefu na mtaalamu, pengine siku zaidi ya moja. Fanyeni hivi:

1. Andikeni mapema mambo yanayomsumbua mhusika, kwa mifano halisi.
2. Mtafuteni mama, shangazi au kaka mkubwa anayekumbuka utoto wake: alisema lini, alicheza vipi, alichukia nini. Kama kadi ya kliniki au ripoti za shule zipo, zichukueni.
3. Anzieni zahanati au kituo cha afya mpate barua ya rufaa. Masikio yapimwe pia, kwa maana asiyesikia vizuri anaweza kudhaniwa hajali.
4. Ombeni kuonana na daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia katika hospitali ya rufaa, kama Muhimbili, Bugando au Mirembe. Kwenda kwa daktari huyo si aibu, wala si dalili ya wazimu. Wataalamu hawa ni wachache, kwa hiyo msikate tamaa mkiambiwa mrudi siku nyingine.
5. Mhusika aende kwa hiari yake. Asidanganywe wala kuburutwa.

BAADA YA JIBU

Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Anayewauzia dawa hiyo, iwe ya chupa au ya mizizi, anawaibia. Msaada upo katika maisha ya kila siku. Mwambieni mapema ratiba ikibadilika. Semeni wazi mnachotaka, bila kuzungusha maneno. Mpeni mahali pa utulivu. Mpeni kazi inayofaa kipaji chake: huyo anayependa mpangilio anaweza kuwa mtunza vitabu hodari wa kigango.

Na jibu likiwa kwamba si usonji, safari haikupotea bure, kwa sababu shida yenyewe itakuwa imepata wa kuisikiliza.

Parokia nayo ina wajibu. Novemba 2014 Baba Mtakatifu Fransisko alikutana mjini Vatikano na watu wenye usonji na familia zao, akahimiza wasiachwe katika upweke. Nasi tuanzie katika jumuiya ndogo ndogo. Asiyependa kushikwa mkono asilazimishwe, ainame kichwa tu, inatosha. Anayekaa chini ya mwembe wakati wa Misa asisemwe kuwa ni mpagani. Aulizwe kwa upole kinachomsumbua.

Kama mmemtambua ndugu yenu katika maelezo haya, msimwite jina hilo mbele za watu. Kaeni naye faraghani, msomeeni ukurasa huu, kisha mwulizeni kama angependa msindikizane naye hospitali.

Tunawatakia afya njema na amani nyumbani mwenu.