Mvumo wa Umeme Kwenye Rekodi: Namna ya Kuuona

Umemrekodi mzee akisimulia kwa Kihangaza kule Ngara, au kwaya ya Biharamulo, kinasa sauti kikiwa kimechomekwa ukutani. Ukisikiliza unakuta mvumo wa chini usiokoma. Usikimbilie kulaumu kipaza sauti. Umeme wetu wa Tanzania, ukiwemo unaofuliwa Rusumo kwenye mto Kagera, una masafa ya hezi 50, na mvumo wake hukaa kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Sauti ya mtu hupanda na kushuka, mvumo hautikisiki.

Tofauti hiyo huonekana kwenye spektrogramu, picha ya nguvu ya kila masafa kadiri muda unavyokwenda. Programu ya bure ya Audacity huichora. Muda husomwa kuelekea kulia, masafa kuelekea juu, na rangi kali ni nguvu nyingi: desibeli 10 zaidi ni nguvu mara 10. Mvumo utauona kama mistari iliyolala, imenyooka mwanzo hadi mwisho.

Kinachowakwaza wengi ni ukubwa wa dirisha. Kompyuta huikata rekodi vipande vifupi na kupima kimoja kimoja; urefu wa kipande ndio dirisha. Kwa rekodi ya sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, dirisha la sampuli 1,024 hudumu sekunde 0.023, na masafa hupimwa kwa hatua za hezi 43. Konsonanti zitaonekana vizuri, lakini 50 na 100 zitachanganyikana. Panda hadi 8,192: hatua zinashuka hadi hezi 5.4, mistari inaachana, ila kila kipande sasa ni sekunde 0.19 na silabi zinamezana. Programu haina kosa; hesabu yenyewe ndivyo ilivyo. Anayetafuta mvumo achukue dirisha refu, anayechunguza matamshi achukue fupi. Kwa toni za Kihangaza, anza na 2,048.

Kipande kimoja pekee hudanganya, kwa kuwa vipimo vyake huyumba. Mtafiti Peter Welch alionyesha mwaka 1967 njia ya kuchukua wastani wa vipande vinavyopishana. Wastani huo ufanye pale sauti inapotulia tu, kwa hiyo rekodi sekunde chache za ukimya kabla mzee hajaanza.

Kisha chomoa chaja, tumia betri, upime tena. Mistari ikitoweka, chanzo umekipata. Isipotoweka, tafuta nyaya za umeme zilizo karibu. Usikate masafa ya chini ovyo, maana sauti ya mwanaume nayo huanzia karibu na hezi 100. Na kabla ya kugusa chochote, tunza nakala ya rekodi asilia.