Kabla Hujamwandika, Tafuta Majina Yake Yote

Anayejitolea kuandika wasifu wa wanawake kwenye Wikipedia mara nyingi huanza na haraka ya kuandika. Amepata jina, amefungua ukurasa mpya, na kabla siku haijaisha makala imebandikwa ilani ya kufutwa kwa kukosa vyanzo. Ushauri wangu ni mmoja, mengine yote yanatoka humo: tumia muda mwingi zaidi kumtafuta kuliko kumwandika. Kwa wanawake wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediteranea, kuanzia Moroko na Hispania hadi Uturuki na Lebanoni, hili ni la lazima, kwa kuwa huko mwanamke mmoja anaweza kuwa ameandikwa kwa hati mbili tatu na kwa majina manne.

Wenzetu walishaianza kazi hii. Mradi wa Women in Red ulianzishwa mwaka 2015, na wekundu wa jina lake ni ule wa viungo vyekundu: majina yanayotajwa ndani ya makala lakini bado hayana ukurasa. Wakati huo wasifu wa wanawake ulikuwa takriban asilimia 15 ya wasifu wote katika Wikipedia ya Kiingereza. Leo ni karibu asilimia 20. Mradi una orodha za majina kwa nchi na kwa kazi, nyingi zikitengenezwa na programu kutoka hifadhidata ya Wikidata. Chukua orodha ya nchi moja, uchague jina moja. Usichukue kumi.

Tuseme umemchagua Halet Çambel wa Uturuki, mwanaakiolojia aliyezaliwa Berlin mwaka 1916 na kufariki 2014. Kwanza andika kwenye karatasi kila namna jina lake linavyoweza kuonekana. Wengi nje ya Uturuki huiandika herufi ç kama c ya kawaida, kwa hiyo tafuta pia Cambel. Sheria ya majina ya ukoo nchini Uturuki ilipitishwa 1934. Ukichimba nyaraka za kabla ya hapo jina la Çambel hutalikuta, utamkuta baba yake akiitwa Hasan Cemil Bey. Huko Ugiriki jina la ukoo hubadilika kwa jinsia: babu, meya wa zamani wa Athens, ni Spyridon Merkouris, mjukuu, mwigizaji aliyekuwa Waziri wa Utamaduni mwaka 1981, ni Melina Merkouri, na magazeti ya Kifaransa na Kiingereza humwandika Mercouri. Mwandishi wa Aljeria Assia Djebar alizaliwa Fatima-Zohra Imalayen. Djebar ni jina la vitabuni. Mmisri aliyeongoza wanawake wapatao 1,500 kuvamia bunge la Cairo Februari 1951 anaandikwa Doria Shafik, na wanaofuata tahajia ya Kiarabu humwandika Durriya Shafiq. Wazanzibari wanalijua hili kwa Sayyida Salme, ambaye naye aliishi Beirut miaka mingi: kwenye maktaba za Ujerumani mtafute kwa jina la Emily Ruete. Anayetafuta kwa tahajia moja hupata kipande cha habari, kisha analalamika kwamba mama huyo hana vyanzo.

Ukishapata majina, geukia vyanzo, na hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao mara nyingi hauthamini. Aliyeanzia madrasa akaendelea na Kiarabu, awe Lamu, Unguja au Muscat, anaweza kusoma gazeti la Cairo. Aliyesomea Bukavu au Bujumbura anajua Kifaransa, na Kifaransa ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya habari za Tunisia, Aljeria na Moroko. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeweka magazeti ya zamani kwenye Gallica, bila malipo. Ya Hispania ina hifadhi yake, Hemeroteca Digital. Italia kuna kamusi kubwa ya wasifu ya Treccani, nayo inasomeka mtandaoni. Kuanza na Kiingereza kwa sababu ya mazoea tu ni kujinyima.

Chanzo kinachohesabika ni kile kilichoandikwa na mtu asiye na maslahi naye, tena kwa urefu wa kutosha. Tovuti yake mwenyewe au ya mwajiri wake yaweza kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa, lakini haithibitishi kwamba anastahili makala. Wikipedia ya lugha nyingine si chanzo kabisa. Kwa Çambel utapata kumbukumbu za Olimpiki ya Berlin ya 1936, alikoshindana katika mchezo wa upanga. Maandiko ya kitaalamu kuhusu uchimbaji wa Karatepe, mahali penye maandishi ya Kifinisia na Kiluwi yaliyowasaidia wataalamu kuisoma hati ya Kiluwi. Na taazia za magazeti alipofariki. Michezo, akiolojia, magazeti: vyanzo vya aina tatu visivyonakiliana. Makala ya namna hiyo ni vigumu kuifuta.

Sasa andika. Sentensi ya kwanza iseme alifanya nini. Usianze na mume; Nail Çakırhan, mshairi na mjenzi, atatajwa zamu yake ikifika. Ondoa "mashuhuri", "shujaa" na "wa kipekee", weka tendo na mwaka. Kumwita Tawhida Ben Cheikh "daktari maarufu wa Tunisia" hakumwambii msomaji kitu. Kusema kwamba picha yake iliwekwa kwenye noti ya dinari 10 mwaka 2020 kunamwambia.

Jihadhari zaidi na simulizi unayoipenda. Fatima al-Fihri hutajwa kila mahali kama mwanzilishi wa msikiti wa al-Qarawiyyin mjini Fes mwaka 859, na msikiti huo huitwa chuo kikuu kikongwe kuliko vyote. Habari hizo zinatoka kwa Ibn Abi Zar, mwanahistoria wa karne ya 14, yaani zaidi ya miaka 400 baadaye, na maandishi ya kuchongwa yaliyogunduliwa katika msikiti huo yanamtaja mtu mwingine, Dawud ibn Idris, na mwaka 877. Je, umwache Fatima? Hapana. Andika nani anasema nini na alisema lini, umwachie msomaji apime. Anayeficha shaka ili kumpandisha mwanamke hadhi anampa mpinzani wake fimbo ya kumpigia.

Ukitafsiri makala kutoka Wikipedia nyingine, taja ile ya asili kwenye muhtasari wa uhariri. Leseni inadai hivyo. Hata hapo fungua kila tanbihi uone kama inasema kilichoandikwa. Picha uliyoiokota mtandaoni usiipakie: Wikimedia Commons hupokea zenye leseni huru au zilizokwisha haki miliki tu, na makala isiyo na picha haina kosa.

Hatua inayosahauliwa ni viungo. Makala isiyounganishwa na nyingine haifikiwi na mtu. Nenda kwenye makala ya Karatepe, ya akiolojia na ya Olimpiki ya 1936, umtaje panapostahili. Weka jamii, kisha uunganishe na Wikidata, ukiingiza hapo tahajia zote za jina ulizokusanya karatasini, ili mwingine asianze upya.

Mkikusanyika kuandika pamoja, fungueni akaunti siku kadhaa kabla, kwa kuwa kuna kikomo cha akaunti mpya zinazoweza kufunguliwa kwa siku kupitia mtandao mmoja. Na makala ikiwekewa ilani, jibu kwenye ukurasa wa majadiliano kwa vyanzo, bila hasira. Wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili ni wachache na wanajitolea kama wewe.

Ukimaliza kutafuta ukabaki na chanzo kimoja tu, usifungue ukurasa. Mtaje ndani ya makala ya shule yake, chama chake au mji wake, pamoja na tanbihi hiyo moja, na uliache jina likiwa kiungo chekundu. Mwenye gazeti la Tunis la mwaka 1936 atalikuta hapo.