Barafu Imekwenda Wapi?

Wanachimwaga, kuna utalii ambao boom la miaka yote 3 haliugusi: unapanda meli Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, unakaa baharini kama siku 2, unafika Antaktika kuangalia barafu, nyangumi na pengwini. Utaratibu wa kule ni mkali. Hawashuki abiria zaidi ya 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja, na pengwini anaachiwa nafasi ya mita 5.

Sisi walimu watarajiwa tuna barafu ya karibu zaidi, tena nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mmisionari Johannes Rebmann alipotangaza kwamba ameiona Kilimanjaro mwaka 1848, mabingwa wa London walimbishia. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2.

Somo langu naanza hapo. Nachora ubaoni vyumba 12, nafuta 10, nauliza: imekwenda wapi? Darasa zima litajibu imeyeyuka, ikashuka mtoni. Kidogo tu, jamani. Kule kileleni hewa ni baridi na kavu, jua linachoma, na sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Ni kama zile nafthalini za kabatini: zinaisha, ila nguo hazilowi. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha mwanga wa jua. Ikianguka kidogo, barafu kuukuu yenye vumbi inabaki wazi na kufyonza joto.

Swali la pili ndilo zuri zaidi: barafu ikiisha, Moshi itakosa maji? Wengi tunaamini hivyo (hata mtaani utaambiwa Mto Pangani utakauka). Lakini maji ya mlima ule, karibu yote, ni mvua inayonyesha kwenye msitu wa miteremkoni. Mwenye panga na msumeno msituni anawatia wakulima hatarini kuliko jua la kileleni.

Barafu yenyewe haina muda. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu za Afrika zilizo kwenye Urithi wa Dunia, Kilimanjaro ikiwemo, huenda zikatoweka kufikia 2050. Mwaka huo wengi wetu tutakuwa bado tunashika chaki.