Funksheni na Thamani Zisizojulikana Idadi

Mwalimu anayekokotoa wastani hafungwi na idadi: mwanafunzi mmoja ana alama za masomo 7, mwingine 9. Funksheni katika programu ya kompyuta, yaani kipande cha maagizo kilichopewa jina na kazi maalumu, kwa kawaida haina uhuru huo. Ikiandikwa ipokee thamani mbili, hupokea mbili tu.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, hulegeza sharti hilo. Thamani zisizojulikana idadi huwakilishwa kwa nukta tatu. Hata hivyo, funksheni haiambiwi ni ngapi zilizoletwa. Yapasa ipewe idadi kwanza, au orodha ifungwe kwa thamani ya kikomo. Funksheni ya kuchapisha, printf, ina njia yake: husoma maandishi yaliyotangulia, na kila ikutapo %d huchukua nambari kamili moja.

printf("%d %d", 64);

Hapa zimeahidiwa nambari mbili, ikaletwa moja. Kwa kawaida printf huchukua chochote kilichopo mahali ambapo ya pili ingalikuwapo, ikakichapisha bila haya. Kompaila nyingi za leo huonya, lakini haziwezi kuyakagua maandishi yatakayoletwa na mtumiaji programu ikiwa tayari inafanya kazi. Mtu mwenye nia mbaya huweza kuyatumia kusoma kumbukumbu ya kompyuta, hata kuibadili. Hatari hiyo ilianza kufahamika sana mwaka 2000. Ndiyo maana jina la mtumiaji huchapishwa kwa printf("%s", jina), kamwe si kwa printf(jina).

Java, tangu toleo lake la mwaka 2004, huzifunga thamani hizo katika safu, nayo safu hubeba idadi yake:

static double wastani(int... alama) {
  int jumla = 0;
  for (int a : alama) jumla += a;
  return (double) jumla / alama.length;
}

Wito wastani(64, 71, 60) hurudisha 65.0. Mwanafunzi na ajaribu pia wastani(), bila alama yoyote. Java huukubali, sifuri hugawanywa kwa sifuri, na jibu ni NaN, yaani kisicho nambari. Programu haisimami, na jibu hilo laweza kufika hadi kwenye ripoti ya mzazi. Dawa ni kudai alama moja waziwazi:

static double wastani(int kwanza, int... nyingine)

Hesabu ya ndani hurekebishwa ipasavyo, na wito mtupu hukataliwa na kompaila kabla programu haijaanza kazi.