Maracuja juu ya baraza: kivuli, maua na matunda



Watu wengi wa Kasongo na Kabambare wanapenda mmea wa kutambaa mbele ya nyumba. Unapamba, unaleta kivuli, wageni wanakaa chini yake wanazungumza. Kule Ulaya watu wanapanda lieri, mmea wa majani mabichi mwaka mzima, unaojishika ukutani kwa mizizi midogo inayotoka kwenye shina. Lakini lieri ni mmea wa nchi za baridi, na hauleti tunda la kula. Sisi tuko na mmea wetu unaofaa zaidi: maracuja. Somo hili linaonyesha namna ya kuipanda ili iwe pambo, kivuli na chakula, bila kuharibu nyumba.

1. Chagua maracuja ya manjano

Kuna aina mbili zinazojulikana sana. Ile ya zambarau inapenda milima na baridi. Ile ya manjano inapenda joto, nayo ndiyo inayofaa mabonde yetu. Tena inavumilia vizuri zaidi ugonjwa wa udongo unaokausha mmea kuanzia mizizi.

2. Mbegu zitoke kwa mimea mbalimbali

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza kazi yao. Unaona mmea umejaa maua, lakini matunda hakuna. Watu wanasema udongo ni mbaya, ao kuna mtu ameuroga. Hapana. Ua la maracuja ya manjano halikubali unga wa mmea wake mwenyewe. Linataka unga wa mmea mwingine, usio wa shina moja naye.

Kwa hiyo, ukikata vipande kwenye mmea mmoja na kupanda vipande kumi, umepanda mmea uleule mara kumi. Vitatoa maua, lakini havitapeana matunda. Ndani ya koperative jambo hili ni rahisi: kila mtu alete matunda mazuri ya kwake, mchanganye mbegu, mfanye kitalu kimoja, kisha kila nyumba ichukue miche miwili ao mitatu.

Osha mbegu, zikaushe kivulini, uzipande mapema ndani ya sashe zenye udongo mwepesi. Nyingi zinaota kati ya juma mbili na nne. Mche ukifika urefu wa mkono, uko tayari kwenda nje.

3. Jengea mmea nyumba yake

Usiache maracuja iparamie ukuta ao paa. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya udongo. Majani mengi yanazuia jua na upepo, ukuta unabaki na maji, udongo unalegea. Juu ya nyasi uzito na unyevu vinaozesha paa. Panya na nyoka wanapata njia, na mchwa wanapanda bila wewe kuwaona.

Jenga kichanja mbele ya baraza, kisimame chenyewe, hatua moja kamili kutoka ukutani. Simika nguzo za mti mgumu, urefu wa mita 2 juu ya ardhi na sentimita 60 ndani. Choma sehemu ya chini mpaka iwe nyeusi, halafu uisimike. Hivyo haiozi upesi. Juu weka mianzi ao waya. Kamba za porini zinaweza kutumika, lakini kila mwaka uziangalie. Mmea ukijaa majani na mvua ikinyesha, uzito ni mkubwa, na kichanja kibovu kinaweza kuangukia watoto.

4. Kupanda

Panda mvua zinapoanza kukaza, mwezi wa tisa ao wa kumi, ili mmea upate nguvu mbele ya kiangazi cha mwezi wa sita. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya samadi iliyooza. Acha mita 3 kati ya mmea na mmea.

Angalia maji ya paa yanaangukia wapi. Yakituama kwenye shina, mizizi inaoza. Chimba mfereji mdogo uyapeleke mbali. Zungusha miti midogo kuzuia mbuzi.

5. Kuongoza na kukata

Chagua shina moja, lifunge kwa ulegevu kwenye kijiti, uondoe machipukizi ya pembeni mpaka lifike juu ya kichanja. Hapo kata ncha, uache matawi mawili yaende kila upande. Matawi madogo yatakayoning'inia ndiyo yatazaa.

Tunda linakuja kwenye tawi jipya. Basi mavuno yakiisha, na mvua zikirudi, fupisha matawi yaliyokwisha kuzaa na uondoe yaliyokauka. Usikate sana wakati wa kiangazi kikali, na usiguse shina kubwa.

Ukiona majani yana madoadoa na kujikunja, na matunda ni madogo na magumu kama mti, huo ni ugonjwa usio na dawa. Ng'oa mmea, uuchome, na upitishe kisu motoni kabla ya kukata mwingine.

6. Maua na nyuki mweusi

Ua la maracuja ya manjano linafunguka karibu na saa sita mchana, linafunga usiku, halifunguki tena. Mfanyakazi wake mkubwa ni yule nyuki mnene mweusi anayetoboa mti mkavu. Nyuki mdogo wa asali anachukua unga, lakini mwili wake hautoshi kuufikisha vizuri mahali pake. Usimuue yule mweusi. Muwekee gogo kavu mwisho wa parseli, asije akatoboa boriti zako. Wala usipige dawa ya wadudu wakati maua yako wazi.

Nyuki wakiwa wachache, saidia kwa mkono. Ndani ya ua kuna vifuko vitano vya unga, na juu yake vichwa vitatu vinavyonata. Ngoja vichwa vile viiname. Chukua unga kwa kidole kwenye ua la mmea mmoja, upake kwenye vichwa vitatu vya ua la mmea mwingine. Watoto wanaweza kufanya kazi hii wakitoka masomo. Mvua ikinyesha palepale, unga unasombwa.

7. Kuvuna

Tunda linaiva karibu miezi miwili na nusu baada ya ua, nalo linaanguka lenyewe. Okota kila asubuhi. Usivune mabichi ili kuwahi soko, na watoto wasiyale: tunda bichi lina sumu kidogo.

Mmea unazaa vizuri miaka mitatu hivi, kisha unachoka. Mwaka wa pili ukiisha, andaa miche mingine na shimo jipya, mahali pengine.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Kwetu, nani ana maracuja inayotoa maua bila kuzaa? Ilitoka kwa mbegu ao kwa kipande? Jirani yake ana nyingine?
- Nyumba gani ina mmea unaoparamia ukuta? Twende pamoja kuangalia chini ya majani.
- Nani atatunza kitalu cha pamoja, na kila memba ataleta matunda mangapi?