Mama auze kiwanja niende Guangzhou?

Shangazi, nina miaka 27, nafundisha Kiingereza shule ya msingi ya binafsi hapa Morogoro. Nina stashahada ya ualimu, shahada sina. Kuna wakala amenipatia nafasi ya kufundisha chekechea Guangzhou, China. Anataka milioni nne na nusu za tiketi, viza na "uratibu". Nimeshampa laki tano. Viza ni ya biashara, anasema nitabadilishiwa nikishafika. Ameniambia pia nikiulizwa huko niseme natoka Afrika Kusini, kwa sababu Wachina hawataki mwalimu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa. Mama yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Kihonda. Wakala ananisukuma nimalizie hela kabla ya mwisho wa mwezi, na wenzangu ofisini wananicheka, eti Mluguru anakwenda kumfundisha nani Kiingereza. Nimechanganyikiwa, nishauri.
Mwalimu wa Moro

Kiwanja kisiuzwe, mwanangu. Mwambie mama leo leo, kabla dalali wa Kihonda hajaleta mteja, halafu ndiyo ukae uendelee kusoma.

Tuanze na hiyo viza. Viza ya biashara ya China hubandikwa kwenye pasipoti ikiwa na herufi M. Ya kazi ina herufi Z. Mwenye M anaruhusiwa kwenda kuona bidhaa, kukutana na wenye viwanda, kupanga mizigo ya Kariakoo na kurudi. Kusimama mbele ya watoto na kulipwa haruhusiwi, hata kwa siku moja. Na ile Z haisubiri ufike Guangzhou, inashughulikiwa ukiwa bado huku nyumbani: mwajiri anaomba kibali kwa mamlaka za kwao, anapewa taarifa rasmi ya kibali cha kazi yenye jina lako, anakutumia, nawe unaipeleka ubalozini pamoja na pasipoti. Ukishaingia kwa Z una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Kwa hiyo muombe wakala wako kitu kimoja tu, hiyo taarifa ya kibali cha kazi yenye jina lako na la shule. Akianza kukueleza kwamba mambo ya China hayaendi hivyo, umeshapata jibu.

Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali, sheria yao ya uhamiaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inasema faini ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likionekana zito unawekwa mahabusu siku 5 hadi 15. Kuna na kufukuzwa nchini. Mwajiri naye ana faini yake. Wakala naye sheria hiyo inamtaja, lakini yeye yuko huku anakula hela ya kiwanja. Lakini mimi faini siiogopi sana. Naogopa miezi ile ambayo hukukamatwa. Mwenye shule anajua huna kibali, na anajua kwamba unajua. Mwezi wa pili mshahara unakatwa nusu, mwezi wa tatu unaambiwa subiri. Utakwenda kushtaki wapi, polisi? Wa kwanza kuulizwa karatasi utakuwa wewe.

Sasa hilo la kujifanya Msauzi. Pasipoti yako imeandikwa Tanzania, kwa hiyo mwenye shule hawezi kudanganywa. Atakuwa ameshaiona siku ya kwanza. Wanaodanganywa ni wazazi wanaolipa ada. Uongo ni wa shule, ila mdomo wa kuutamka ni wako, na mzazi mmoja akichachamaa shule itasema na yenyewe ilidanganywa.

Kwa nini Afrika Kusini? Wakala hakuokota jina barabarani. Korea Kusini, kwa mfano, viza yake ya walimu wa Kiingereza iitwayo E-2 hutolewa kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China nayo inataka mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada, na uzoefu wa miaka 2 au cheti cha kufundishia. Orodha ya nchi wanazozihesabu ni karibu ileile. Sasa huko Afrika Kusini kwenyewe, wanaozungumza Kiingereza nyumbani hawafiki mtu 1 kati ya 10. Kijana aliyelelewa kwa Kizulu akiwa na shahada na pasipoti ya kwao anapita (Wakorea humtaka tu athibitishe kwamba alisoma kwa Kiingereza), na wewe uliyelelewa kwa Kiluguru na Kiswahili unaachwa nje. Hawapimi ulimi, mwanangu. Wanapima pasipoti. Na shule nyingine zinaomba picha kabla ya kuomba vyeti, wewe na mimi tunajua wanatafuta nini kwenye hiyo picha. Ni dhuluma, na sitakudanganya kwamba itaisha ukipata shahada.

Hao wanaokucheka ofisini waulize jambo moja. Shule zetu za English medium zilipochipuka kila kona miaka ya 2000, nani aliyekuwa anafundisha Kiingereza humo? Wakenya na Waganda. Mjaluo, Mganda, Mkisii, hakuna hata mmoja aliyenyonya Kiingereza ziwani mwa mama yake, na wazazi wa Kitanzania walipanga foleni kulipa ada. Mtu aliyejifunza lugha ukubwani anajua pale inapobana. Unajua kwa nini mtoto wa darasa la nne anaandika "he" akimaanisha msichana, kwa sababu wewe mwenyewe "yeye" yako haina jike wala dume. Mzungu aliyezaliwa nayo husikia kosa, lakini kulieleza linatoka wapi ni shughuli.

Basi huko mbali bila shahada kuna nini? Kidogo sana, na kinazidi kupungua. Vietnam wanataka shahada na cheti cha kufundishia. Thailand wanataka shahada, na asiyetoka kwenye nchi za Kiingereza mara nyingi huombwa na alama za mtihani wa TOEIC, 600 kwenda juu. Ghuba ndiyo usiseme: Oman au Emirates bila shahada iliyogongwa mihuri yote hupati hata usaili. China yenyewe Julai 2021 ilizibana kampuni za tuisheni kwa amri moja, na soko lililokuwa likimeza kila mtu likasinyaa.

Watakutajia Kambodia, kwamba huko hawaulizi. Ukanda huo wote ndio wa kuwa macho nao kuliko kote. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikionya kuhusu kazi za uongo zinazotangazwa kuwa ziko Thailand: vijana wanapokelewa uwanja wa ndege, wanapitishwa mpakani usiku na kujikuta Myanmar au nchi jirani ndani ya kambi zenye ukuta, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Februari 2025 maelfu walitolewa kwenye kambi za Myawaddy, huko huko Myanmar, Wakenya na Waethiopia wakiwemo. Wengi wao walikuwa na elimu nzuri na Kiingereza safi, hicho ndicho kilichotafutwa. Tangazo la kazi ya Asia lisilouliza cheti chochote, linalotoa tiketi bure na kukuharakisha, lifute.

Ninachokushauri kina ubaya mmoja, hakina haraka.

Una stashahada, una kazi, una darasa. Chuo Kikuu Huria kinafundisha shahada ya ualimu kwa watu wa namna yako hasa, wanaofanya kazi mchana na kusoma usiku, na kina kituo hapo hapo Morogoro. Kama stashahada yako ina GPA ya 3.0 au zaidi, mlango uko wazi. Kama iko chini, nenda kaulize ana kwa ana kabla hujakata tamaa. Piga hesabu ya ada ya mwaka mmoja uiweke kando ya milioni nne na nusu za wakala, uone ipi inakubakishia kitu mkononi.

Cheti cha pili ni cha kufundishia Kiingereza kwa wageni. Mtandaoni vimejaa vya saa 120 vya bei chee, na vingi ni kubofya majibu tu hadi karatasi itoke. Kinachoheshimika ni CELTA ya Cambridge, na hicho hakidai shahada. Kina saa 6 za kufundisha kweli. Unapewa wanafunzi watu wazima, mkufunzi anakaa nyuma na daftari, wenzako wanakutazama, na ukimaliza mnakaa duara: wanakwambia uliongea wewe mno, yule bwana wa dirishani hakufungua mdomo dakika ishirini, maelekezo uliyatoa ukiwa umegeukia ubao. Inauma. Lakini mtu akitoka pale hujui tena kama ana shahada au hana, unaona mwalimu. Ni ghali, kwa hiyo usiikimbilie mwaka huu. Anzia kwenye mtihani wa IELTS, upate namba ya kumwonyesha mtu anayedhani Mluguru hajui Kiingereza.

Na kama ni kiu ya kuvuka mpaka, mbona umeruka majirani wote? Rwanda ilihamishia masomo yake kwenye Kiingereza mwaka 2008 na tangu hapo imekuwa ikichukua walimu wa nje. Burundi ilikifanya Kiingereza lugha rasmi mwaka 2014, lakini watu wake wazima walisomea Kifaransa, na mfanyabiashara wa Bujumbura anayetaka kuandikiana na muuzaji wa Dubai anahitaji mtu wa kumfundisha jioni. Lubumbashi, Kongo, ni hivyo hivyo: migodi, malori ya kwenda Zambia na Dar, na Kiswahili mtaani. Huko unamweleza mtu sarufi kwa Kiswahili anachokielewa, jambo ambalo Mwingereza hawezi. Fedha si za China, sikufichi. Kibali cha kazi kinatakiwa huko pia, kwa hiyo shule ndiyo ikuandikie barua kwanza, usiende na begi ukitegemea ujirani. Goma na Bukavu kwa sasa ziache, vita haijapoa.

Jioni unaweza kufundisha kwa intaneti. Tovuti ya Preply haidai shahada wala Kiingereza cha kuzaliwa. Inakata fungu zito kwenye kila somo, na somo la kwanza la majaribio na kila mwanafunzi mpya hulipwi kabisa. Mwanzo utafundisha kwa bei ya kuona aibu. Andika wazi kwenye ukurasa wako kwamba unatoka Tanzania na Kiingereza ulikisomea. Kuna watu wazima duniani wanamwogopa mwalimu mzawa na wanatafuta mtu kama wewe. (Kuna watakaosema basi fundisha Kiswahili ughaibuni. Wazo zuri, ila nafasi nzuri za vyuo vya Marekani nazo zinaanza kwa kuuliza shahada.)

Tumalizie laki tano. Usimtukane wakala wala usimwambie umegundua nini. Mwandikie kwa maandishi, si kwa simu: "Naomba taarifa ya kibali cha kazi yenye jina langu, mkataba wa shule, na namba ya leseni yako ya uwakala wa ajira. Bila hivyo naomba fedha yangu irudishwe ndani ya siku 14." Ujumbe wa muamala uutunze, mazungumzo yote ya WhatsApp yapige picha. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unakataza wakala kumtoza mtafuta kazi, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo hilo neno "uratibu" lisikutishe. Siku 14 zikipita nenda ofisi ya serikali inayosimamia mawakala wa ajira ukaulize kama jina lake wanalo, kisha polisi ukiwa na karatasi zako mkononi. Huenda ukazipata zote, huenda ukapata mbili, huenda usipate kitu. Akikwambia ongeza laki moja ili zile tano zitoke, usitoe hata shilingi.

Shangazi