Tiba haisubiri PF3

Tuseme ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, amepanga chumba Sigino na anasoma chuo mjini Babati. Usiku wa Ijumaa amebakwa na mtu anayemfahamu. Jumamosi asubuhi wenzake wamejaa chumbani, kila mmoja na lake: aende polisi, asiende, aoge alale, ampigie mama, wazee wayamalize. Wote wanamtakia mema. Lakini la kwanza ni moja tu: aende hospitali, na aende leo.

Dawa za kukinga maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinamezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi hadi siku ya 5, ila ikimezwa mapema ni bora zaidi. Hospitali ya Mji pale Mrara ipo, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara ipo. Ukiambiwa "lete kwanza PF3", yaani fomu ya polisi, usirudi nyumbani. Sema taratibu: "Naomba nitibiwe kwanza, fomu itafuata," kisha omba kumwona mganga wa zamu. PF3 ni karatasi ya ushahidi, inajazwa hata baadaye, na haiuzwi. Kama hujaoga, usioge. Nguo ulizovaa ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana unyevunyevu huharibu ushahidi. Kama umeshaoga na kufua, nenda vilevile.

Mwili ukishashughulikiwa, wengi hudhani yamekwisha. Hayajaisha. Huenda wiki zinazofuata usingizi ukakataa, moyo ukashtuka mlango ukigongwa, na darasani maneno ya mwalimu yakapita bila kuingia. Hayo ni majeraha, na yana tiba. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu mwaka 2008, na huduma hiyo huanzia hospitali hizihizi tunazozijua, si lazima ufike Hospitali ya Afya ya Akili ya Mirembe. Chuoni yupo mshauri wa wanafunzi. Aidha, mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na ya kati, kwa hiyo una haki ya kuuliza chuoni kwako: dawati letu liko wapi, na nani anakaa hapo? Na hili nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa linawazuia wengi: hakuna sheria inayosema ushauri nasaha ni wa aliyeripoti polisi peke yake. Unaweza kutibiwa leo, ukaamua kuhusu kesi ukiwa umetulia.

Kabla hujafungua moyo, muulize mshauri: "Nitakayosema yataandikwa wapi, na nani atayasoma?" Si utovu wa adabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, na hazipaswi kusambazwa ovyo ofisini wala kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Masomo nayo yana njia yake. Vyuo vina kanuni za kuahirisha mtihani au mwaka kwa sababu za kiafya, na barua ya daktari hailazimiki kusimulia ulichofanyiwa. Inatosha iseme huwezi kufanya mtihani kwa sababu za kiafya. Peleka ombi kabla ya mtihani, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Ukiahirisha mwaka na unasoma kwa mkopo, mweleze afisa mikopo mapema.

Sasa kesi. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, haidai uwe na michubuko ili uaminike. Kifungu cha 130 kinasema wazi kwamba ushahidi wa kupambana si lazima. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Lakini mahakama hiyohiyo, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita la 2002, iliupa uzito mkubwa ushahidi wa aliyemtaja mhalifu mapema. Kwa hiyo ukichelewa kwa woga au kiwewe, ueleze kilichokuchelewesha, na hapo kadi ya kliniki yenye tarehe za kuhudhuria ushauri inaweza kukusaidia sana. Unachomwambia mtu wa kwanza, hata rafiki, kina maana. Ushahidi wako utasikilizwa faragha. Adhabu ya ubakaji kwa kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30, na wakiwa kundi ni kifungo cha maisha, kama mahakama ya Dodoma ilivyowahukumu watu wanne mwezi Septemba 2024 na kuamuru kila mmoja amlipe binti waliyembaka fidia ya shilingi milioni 1.

Aliyekutendea akiwa mhadhiri anayeshikilia alama zako, kuna pia kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kinachokataza rushwa ya ngono. Wapigie TAKUKURU, 113, bila malipo. Mvulana aliyefanyiwa ukatili anaandikiwa kosa la jina tofauti, ila dawa, ushauri na faragha ni haki yake kama ya dada yake.

Wazee wa ukoo wakija na fedha au ng'ombe ili yaishe, waheshimuni, wakaribisheni chai, na muwaambie ubakaji ni jinai: si wao wenye mamlaka ya kuufuta, wala baraza la kata. Kupokea malipo ili kuuficha uhalifu kunaweza kuwa kosa jingine.

Wakili akiwa ghali, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri ya Mji wa Babati, na uende na mtu mmoja unayemwamini, ambaye atakusubiri nje mpaka umalize.